SOMO: Kununua Pikapu ya Dizeli Iliyokwisha Tumika

Katika toleo hili tunazungumzia mali inayotamaniwa sana na wakazi wa mipakani, yaani pikapu ya dizeli. Ndiyo ibebayo mahindi kutoka shambani na ndizi hadi gulioni, na usiku wa manane humkimbiza mgonjwa hospitali. Mpya haishikiki kwa bei. Kwa hiyo wengi hununua iliyokwisha tumika, tena mara nyingi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mnunuzi wa namna hiyo hukabiliwa na hatari mbili kwa pamoja: injini inaweza kuwa imechoka, na gari lenyewe linaweza kuwa si la muuzaji. Ya kwanza humaliza akiba. Ya pili humaliza akiba na kumfikisha mtu mahakamani.

Tuanze na injini. Ndugu msomaji, mfikie muuzaji asubuhi na mapema, kabla ya saa mliyoagana, kisha usogeze kiganja karibu na injini kabla haijawashwa. Ukikuta ina joto, uliza kwa nini imewashwa kabla hujafika. Injini ya dizeli iliyochoka huficha maradhi yake ikiwa na joto. Ikiwa baridi husema kweli. Ikihitaji kuzungushwa muda mrefu ndipo iwake, huenda mgandamizo wa silinda umepungua, plagi za kupashia joto zimekufa, au nozeli zinavuja. Kisha tazama moshi. Mweupe kidogo wakati wa baridi si kitu, mradi utoweke baada ya dakika chache. Usipotoweka, ama dizeli haiungui yote, ama maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mzito huonyesha kwamba hewa haitoshi au nozeli zinamwaga dizeli kupita kiasi, ingawa wakati mwingine chanzo ni chujio chafu la hewa tu, na hilo ni jambo dogo. Mwisho, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Moshi unaopuliza hapo kwa nguvu ni dalili kwamba pete za pistoni zimelika. Kwa maoni yetu, kipimo hicho kina thamani kuliko maneno yote ya dalali.

Toyota Hilux ndiyo huvuta wanunuzi wengi, na sifa yake si ya bure. Hata hivyo, chini ya boneti yenye jina hilo kuna injini za tabia mbalimbali. Ile ya zamani ya 2L, yenye lita 2.4, inajulikana kwa kupasuka silindahedi ikipata joto kupita kiasi. Za 3L na 5L zisizo na turbo hazina mbio, lakini ni ngumu na fundi wa kijijini huzimudu. Katika kizazi kilichoingia sokoni mwaka 2004 na 2005 zilikuja 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0, ambazo hupuliza dizeli kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia nozeli zinazoongozwa kwa umeme. Udhaifu wake uko hapo hapo kwenye nozeli, na kwenye washa za shaba zinazoziziba kwa chini. Washa ikivuja, gesi chafu huingia katika oili, masizi huziba chujio lililo ndani ya sampu, na injini hukosa oili huku kijiti cha kupimia kikionyesha kwamba imejaa. Mwenye gari huona taa nyekundu ikiwa imekwisha chelewa. Kwa hiyo muulize muuzaji washa hizo zilibadilishwa lini. Muulize pia kuhusu mkanda wa taimingi, kwa maana ukikatika, vali na pistoni hugongana. Nissan Navara yenye injini ya YD25 hutumia mnyororo badala ya mkanda, nao umejulikana kwa kulegea. Sauti ya kuparuza mbele ya injini ni onyo.

Wakazi wa mipakani wana adui mwingine: dizeli ya madumu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu pamoja na nozeli husagika kwa ukavu. Pikapu iliyolelewa kwa madumu yafaa ipunguzwe bei sana, au iachwe.

Ingia pia chini ya gari. Kagua chasisi juu ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa ndipo mizigo ya kupita kiasi huipasulia. Alama za kuchomelea, rangi mpya mahali pamoja tu, au springi zilizoongezwa majani, zote zaeleza historia ambayo kaunta ya kilomita haitakuambia. Kaunta hurudishwa nyuma. Mpira wa pedali uliolika haurudi. Gari lililotoka Kongo, Rwanda au Burundi, ambako watu huendesha kulia, likiwa usukani umehamishwa, likaguliwe na fundi asiyejuana na muuzaji.

Sasa umiliki. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe; katika Hilux huwa upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isugue kwa kitambaa, uilinganishe herufi kwa herufi na kibati cha gari na kadi ya usajili. Namba ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, wala haitumii I, O wala Q. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi zaidi. Chuma kilichokwaruzwa au namba zisizolingana mstari ni sababu ya kuondoka bila kujadili bei.

Jina lililo katika kadi na liwe la mtu aliyesimama mbele yako akiwa na kitambulisho chake. Fedha zilipwe wakati wa kuhamisha umiliki katika ofisi ya usajili, si kabla. Gari la kigeni lililoingia kwa kibali cha muda haligeuki lako kwa sababu umelilipia: bila ushuru kulipwa, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huruhusu likamatwe na kutaifishwa. Uulize umri wake pia. Uganda, tangu 2018, hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya hukataa lililozidi miaka 8. Kwa hiyo pikapu ya 2006 iliyo halali kabisa Busia ya Uganda haiwezi kusajiliwa upya Busia ya Kenya, hata injini yake ikiwa nzima.

Kabla ya kulipa, peleka namba ya chasisi na ya injini kituo cha polisi. Interpol hutunza orodha ya magari yaliyoibwa yaliyoripotiwa na nchi wanachama, na polisi wa nchi hizi huweza kuiuliza kupitia ofisi zao za taifa. Muuzaji mwaminifu hukubali kusubiri jibu. Na ikiwa umekwisha nunua ukaingiwa na shaka, usiliuze kwa mwingine wala usibadilishe namba, maana hapo ndipo mnunuzi aliyedanganywa hugeuka mshitakiwa. Lilete gari kituoni wewe mwenyewe, pamoja na hati ya mauzo, risiti, namba ya simu ya muuzaji na majina ya mashahidi.