Namba Isiyo na Kizio: Hatari ya Neno «Si Lazima»
Barua ya rufaa ya mgonjwa wa kisukari kutoka Mwika kwenda KCMC, Moshi, huweza kuandikwa hivi tu: sukari 30. Je, ni milimoli kwa lita, au miligramu kwa desilita? Milimoli 1 kwa lita ni sawa na miligramu 18 kwa desilita. Ikiwa ni milimoli, sukari imepanda mno, takriban miligramu 540. Ikiwa ni miligramu, haifiki hata milimoli 2. Mgonjwa huyo akichomwa insulini anaweza kufa. Mpokeaji hana budi kumpima upya kwanza.

Kompyuta hazijaliondoa tatizo hili. FHIR, kiwango cha kimataifa ambacho mifumo ya hospitali hukitumia kubadilishana taarifa, huruhusu thamani itumwe bila kizio. Ruhusa hiyo humpunguzia mtumaji kazi na kumwachia mpokeaji kubahatisha. Hata hivyo, FHIR yenyewe huruhusu nchi au hospitali kukaza masharti, kizio kiwe cha lazima na taarifa pungufu ikataliwe. Kukataliwa huko kunaudhi, lakini hutokea mapema, kabla ya sindano.

Nawe mgonjwa, ukipimwa, uliza kizio, kisha hakikisha kimeandikwa kwenye kadi yako kando ya namba.