Somo: Chachandu ya Pilipili Kijani za Kuchoma kwa Chakula cha Pamoja



Kamati zetu mara nyingi huandaa chakula cha pamoja baada ya vikao na semina. Katika somo hili tunajifunza kutengeneza chachandu ya pilipili kijani za kuchoma, chakula kinachopendwa sana katika jimbo la New Mexico, Marekani. Malengo yetu ni mawili: kupata ladha nzuri, na kulinda afya za wote watakaokula.

Historia kwa ufupi

Asili ya pilipili zote, zikiwemo hoho na zile kali tunazolima kwetu, ni bara la Amerika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Fabián García, mtaalamu wa kilimo cha bustani huko New Mexico, alichagua mbegu za pilipili ndefu, zenye nyama nene na ganda laini lisilosumbua kumenya. Hadi leo, msimu wa mavuno ukifika, wauzaji huko huzichoma sokoni katika mapipa ya wavu yanayozungushwa juu ya moto wa gesi.

Mahitaji (watu 10)

- Pilipili kijani ndefu 10. Zikikosekana, tumia hoho za kijani 4 na pilipili kali 1 au 2.
- Punje 4 za kitunguu saumu, zisimenywe
- Mtindi mzito vikombe 2, uliotokana na maziwa yaliyochemshwa
- Ndimu 1 na chumvi kiasi

Hatua za kufuata

1. Osha pilipili na kuzikausha. Toboa kila moja kwa ncha ya kisu ili isipasuke motoni.
2. Zichome juu ya makaa pamoja na kitunguu saumu, ukizigeuza hadi ganda liwe jeusi na kufura pande zote. Ganda liungue, lakini nyama ya ndani isiungue.
3. Zitie kwenye sufuria na kufunika kwa dakika 15. Mvuke utalegeza ganda.
4. Menya kwa vidole. Usizioshe kwa maji, maana ladha ya moshi itaondoka.
5. Toa mbegu na utando mweupe unaozishika. Ukali mwingi umo katika utando huo. Vaa glavu, na usijiguse macho.
6. Menya kitunguu saumu, ukitwange pamoja na pilipili na chumvi, kisha changanya na mtindi na maji ya ndimu.

Chachandu hii huliwa na mihogo ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma au vipande vya chapati. Kila mtu apakuliwe kwenye sahani yake. Tusichovye wote katika bakuli moja. Atakayewashwa sana apewe maziwa, kwani maji hayapunguzi ukali.

Tahadhari muhimu

Chachandu ikibaki, wengi hufikiri kuijaza kwenye chupa na kuifunika kwa mafuta ili ikae wiki kadhaa. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Pilipili na kitunguu saumu vina asidi kidogo, na mafuta huzuia hewa. Katika hali hiyo bakteria wa botulizimu wanaweza kukua na kutoa sumu inayopoozesha mwili hata kuua, bila chakula kubadilika harufu wala ladha. Mwaka 1977 huko Pontiac, Michigan, watu 59 waliugua baada ya kula mgahawani pilipili zilizofungwa kwenye chupa bila kufuata taratibu salama.

Kwa hiyo tunashauri:

- Isikae mezani zaidi ya saa 2, au saa 1 siku ya joto kali.
- Iliyobaki iwekwe kwenye jokofu na iliwe ndani ya siku 3.
- Pasipo jokofu, tengenezeni kiasi kitakachokwisha siku hiyo hiyo.
- Msiuze chachandu ya chupa kama mradi kabla ya kupata mafunzo ya usindikaji na kibali cha mamlaka husika.

Ni afadhali kumwaga bakuli moja la chakula kuliko kuuguza nyumba kumi.

Maswali ya kujadili

1. Katika chakula chetu cha pamoja, nani husimamia muda ambao chakula hukaa mezani?
2. Je, tunayo maji na sabuni ya kunawia mikono kwa wapishi na wageni?
3. Mabaki ya chakula chetu huenda wapi?