JINSI MTI UFANYAVYO UBAO WAKE, NA SABABU YA KUTUNZA GOME

Mkulima, umepanda miti ili upate nguzo, mbao na kuni. Yafaa ujue ubao hufanywa mahali gani, kwa maana watu wengi huharibu mahali hapo pasipo kujua.

Ubao hauongezeki kutoka katikati ya shina. Kati ya gome na ubao pana utando mwembamba wenye utelezi. Ukibandua gome wakati wa mvua utauona. Humo seli, yaani chembe ndogo zenye uhai, hujigawa mbili mbili. Zilizo upande wa ndani huwa ubao, na zilizo upande wa nje huwa gome.

Kila seli hujijengea ukuta, na mafundi wa kazi hiyo ni vimeng'enya. Baadhi yao huunga sukari itokayo majanini ikawa nyuzi zisizokatika upesi, ziitwazo selulosi. Wengine huunganisha lignini, ambayo hujaza nafasi kati ya nyuzi, kama udongo ukandikwao kati ya fito za nyumba. Ukuta ukiisha kuwa mgumu, seli zilizo nyingi hufa, na baadhi yake hubaki kuwa mirija ya kupandisha maji toka mizizini. Miaka ikipita, mirija ya katikati huziba, na ubao wake hupata vitu vizuiavyo wadudu. Hicho ndicho kiini. Kiini cha mvule hakiliwi upesi na mchwa, lakini ubao wake mweupe wa nje huliwa.

Sasa fahamu hatari iliyopo. Chakula kitokacho majanini hushuka kwa njia ya gome la ndani. Ukibandua gome kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa, na mti hufuata, hata kama majani yataonekana mabichi kwa miezi kadhaa.

Basi shika haya:

1. Usifunge mbuzi kwenye shina changa, wala usiache waya uukaze mti.

2. Ukitaka gome la dawa, chukua kipande chembamba upande mmoja tu. Usizungushe shina kamwe.

3. Punguza matawi yangali membamba, kwa msumeno mkali, pasipo kuchubua gome la shina.

4. Usikate nguzo mapema. Mti mchanga una kiini kidogo, na mchwa wataila nguzo yako upesi.

Kazi ya panga ya dakika moja yaweza kupoteza ubao wa miaka 20. Litunze gome, nalo litakutunzia mti.