Amua Kabla Hujafika Chuoni

Masomo: Danieli 1:1–21, Luka 16:10



Vijana wetu waliopata nafasi kupitia KUCCPS wanaondoka karibuni. Wengine watakuwa hapa karibu tu, Masinde Muliro pale Kakamega mjini. Wengine watapanda basi la usiku kwenda Nairobi ama Mombasa. Masanduku tumenunua, blanketi na ndoo pia. Leo tuongee juu ya kitu ambacho hakiingii kwa sanduku.

Hapa msituni kwetu Isecheno kuna mti wa jamii ya mkuyu ambao wageni hupenda kuonyeshwa. Ndege hula tunda lake, kisha huacha mbegu juu kwenye tawi la mti mwingine. Mbegu huota huko huko juu. Mizizi inateremka polepole, myembamba kama kamba, mpaka iguse udongo. Hapo ndipo inanenepa na kuukaba mti uliobeba ile mbegu. Baada ya miaka mingi mti wa kwanza hufa na kuoza. Huwezi kutaja siku moja useme, leo ndiyo umeuawa.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni ulikuwa hivyo. Sikupanga kurudi nyuma. Pesa ya matumizi ya HELB iliingia kwa akaunti, na sikuwa nimewahi kushika pesa nyingi namna hiyo. Wiki ya kwanza nilinunua viatu. Wiki ya pili nikabeti mechi moja, ya shilingi mia tu. Kabla muhula haujafika katikati, nilikuwa nakopa chakula. Mama akapiga simu kuuliza kama pesa imeingia. Nikamwambia bado. Akauza ndama, akanitumia. Jumapili hiyo sikuenda ibada, maana ningeimba vipi?

Nilimweleza ukweli Disemba, tukiwa jikoni. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimekula. Bwana alinisamehe, na mama pia, lakini ndama hakurudi. Na HELB ni deni, lazima ulipe.

Sasa tumwangalie Danieli, kijana aliyepelekwa mbali na nyumbani kusoma.

1. Alijua mpaka wake. Alisoma elimu ya Wakaldayo, katika mafunzo ya miaka 3. Wakampa jina geni, Belteshaza. Hayo hatusomi kwamba aliyagomea. Lakini kwa chakula cha mfalme alisema moyoni, hapa sipiti. Kijana, nenda usome kwa bidii, usiogope vitabu. Ila andika mipaka yako ukiwa bado nyumbani: pesa, pombe, kitanda, na ukweli kwa wazazi. Ukingoja kuamua wakati rafiki yuko mlangoni, umechelewa.

2. Alisema kwa heshima. Hakutukana msimamizi. Aliomba wajaribiwe siku 10 kwa mboga na maji. Kukataa dhambi si kuwadharau wenzako wa hosteli.

3. Hakusimama peke yake. Alikuwa na Hanania, Mishaeli na Azaria. Tafuta ushirika wa Wakristo wiki ya kwanza, si siku ile umeshaanguka. Mimi nilijiambia nitaenda nikitulia. Sikutulia.

Wazazi na kanisa, nasi tuna kazi. Tusipige simu kuuliza matokeo pekee. Tumuulize mtoto amekula nini, anaabudu wapi, pesa inakwendaje. Na akitueleza jambo chungu, tusimfokee mpaka ajifunze kudanganya. Mzizi ukiwa bado mwembamba, hata mkono unaweza kuung'oa.

Maswali ya vikundi vya nyumbani:
– Ni jambo gani dogo ambalo umelikubali "mara moja tu"?
– Ni nani anayeweza kukuuliza kuhusu pesa zako, na ukamjibu kweli?
– Kikundi chetu kitampigia simu kijana gani kila juma muhula huu?

Tuombe: Baba, watoto wetu wanakwenda tusikoweza kuwaona. Wewe unawaona. Wape moyo ulioamua mapema, na marafiki wanaokucha. Na yeyote aliyekwisha kuteleza, mpe ujasiri wa kupiga simu nyumbani leo. Katika jina la Yesu. Amina.