Oili ya Difu: Soma Namba Kabla ya Kununua

Wakulima wengi wa skimu za Trans Nzoia na Bungoma, kama vile Ndalu, Naitiri na Tongaren, siku hizi hutumia motokaa zilizokwisha tumika kwanza Japani. Baadhi yake huendeshwa na magurudumu yote manne, nazo hupendwa kwa sababu ya matope. Motokaa hiyo hupeleka maziwa asubuhi, huleta mbolea kutoka Kitale, na usiku wa mvua humpeleka mgonjwa hospitali. Difu ikivunjika wakati wa kupanda, fedha za mbolea huishia kwa fundi. Somo hili laeleza namna ya kuchagua oili ya difu ili hasara hiyo isitupate.

DIFU NI NINI?

Difu ni sanduku la chuma lenye gia ndani yake. Hupokea nguvu za injini na kuzigawa kwa magurudumu mawili, hata moja lipate kuzunguka upesi kuliko jingine motokaa inapokata kona. Motokaa ya magurudumu manne ina difu ya mbele na difu ya nyuma. Oili ya injini haifiki huko. Difu ya nyuma ina oili yake yenyewe. Ya mbele mara nyingine ina oili yake, na mara nyingine imo ndani ya giaboksi na hutumia oili ya giaboksi.

KWA NINI OILI YOYOTE HAIFAI?

Katika difu ya nyuma, meno ya gia husukumana na tena huteleza moja juu ya jingine yakiwa yamebanwa sana. Oili dhaifu hukamuliwa ikatoka, na chuma kikagusa chuma. Kwa hiyo oili ya difu hutiwa dawa yenye salfa na fosforasi. Meno yakipata moto, dawa hiyo hufanya utando mwembamba unaozuia chuma kulana. Harufu kali ya oili hii yatokana na salfa hiyo.

Basi, mkulima, usichukue oili ya trekta kwa kuwa dramu imo ghalani. Oili ya nyuma ya trekta nyingi hutumika pia kwa breki na kwa mikono ya kuinulia plau. Ni nzuri kwa kazi yake, lakini haina dawa ya kutosha kwa difu ya motokaa.

NAMBA MBILI ZA KUSOMA

Namba ya kwanza huanza kwa herufi GL, nayo yaonyesha nguvu ya dawa. Difu nyingi za nyuma hutaka GL-5. Giaboksi nyingi za gia za mkono hutaka GL-4, kwa kuwa dawa nyingi ya GL-5 yaweza kula pete za shaba zilizomo. Kwa hiyo usiseme, “GL-5 ina nguvu zaidi, nitaitia kila mahali.”

Namba ya pili ni kama 75W-90 au 80W-90, nayo yaonyesha uzito wa oili. Sehemu yenye W ni ya wakati wa baridi, na 90 ni ya wakati oili ina moto. Kitale iko juu, kiasi cha mita 1,900, na usiku wake ni wa baridi. Lakini oili ya 80W hupimwa kwa baridi ya nyuzi 26 chini ya sifuri, na baridi hiyo haifiki kwetu. Kitabu cha motokaa kikiruhusu zote mbili, nunua iliyo rahisi. Kikitaja moja tu, fuata hiyo.

Ukiona herufi LSD karibu na difu au katika kitabu, difu hiyo ina vizuizi vya kuteleza. Tafuta oili ambayo mkebe wake waeleza kwamba yafaa difu za namna hiyo.

KITABU CHA KIJAPANI

Kitabu kikiwa cha Kijapani usikitupe. Namba za GL na za uzito huandikwa kwa herufi hizi hizi tunazosoma. Kama hakuna kitabu, mpe fundi namba ya chesisi ili atafute oili ya aina hiyo hasa.

Tutazame Subaru Forester. Difu yake ya nyuma huchukua kiasi cha lita 0.8 tu. Forester ya gia za mkono hutumia oili moja katika giaboksi na difu ya mbele, na oili hiyo ni GL-5, kwani giaboksi yake ilitengenezwa kwa oili hiyo. Ile inayobadili gia yenyewe ina oili mbili mbalimbali mbele, na nati zake za chini zaweza kuchanganywa. Mtu akifungua nati isiyo yake, hutoa oili ya giaboksi, kisha huongeza oili katika difu iliyokwisha jaa. Hakikisha nati kabla ya kufungua.

NAMNA YA KUBADILISHA

1. Endesha motokaa kidogo oili ipate moto, kisha isimamishe mahali tambarare. Usiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake.

2. Fungua kwanza nati ya juu, ya kujazia. Ikikataa, acha kazi. Ukitoa oili chini na ya juu isifunguke, motokaa haiwezi kutoka hapo.

3. Fungua ya chini. Unga laini wa chuma juu ya sumaku si jambo la kuogopa. Vipande vya chuma mwonyeshe fundi.

4. Funga chini, kisha jaza difu ya nyuma mpaka oili ianze kutoka tundu la juu. Usiilazimishe zaidi.

Ukivuka mto na maji yakafunika difu, ipime. Sanduku lenye moto likipoa ghafla hufyonza maji kwa tundu lake la kupumulia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji, ibadilishe mara moja. Oili chafu usiimwage shambani wala mtoni.

Nunua mkebe uliofungwa, wenye alama ya KEBS, usinunue oili ya kupimiwa katika chupa.

MASWALI

1. Kwa nini oili ya trekta haifai difu ya motokaa?
2. Namba ya GL yaonyesha nini? Na 80W-90?
3. Ni nati gani hufunguliwa kwanza, na kwa nini?
4. Utajuaje kwamba maji yameingia katika difu?