Mlo wa Idi kwa Ukoo Mzima

Mlo wa mchana wa Idi katika nyumba za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam, husimama juu ya sufuria moja la pilau. Kachumbari, mchuzi, ndizi mbivu, achari, juisi na vitamu vyote hulizunguka sufuria hilo. Ndiyo maana anayepanga chakula cha watu thelathini au arobaini haanzi kwa kuandika kila kinachotamaniwa. Huanza na pilau yenyewe: mchele kiasi gani, sufuria gani, moto gani, na nani atakaa nayo mpaka ipaliwe. Chochote kitakachoongezwa baadaye hupimwa kwa moto na mikono iliyobaki, maana asubuhi ya Idi ni fupi mno. Wapishi wenyewe wanataka kusali, watoto wanavishwa nguo mpya, wageni wa mwanzo wanabisha hodi saa nne, na adhuhuri haimngoji mtu.

Ugumu wa kwanza, hata kabla ya mchele, ni tarehe. Ramadhani ina siku 29 au 30, na mwezi hutafutwa magharibi ya siku ya 29. Tangazo la Mufti kwa upande wa Tanzania, au la Kadhi Mkuu kwa upande wa Kenya, huja usiku, wakati mwenye nyumba alitakiwa awe ameshanunua nyama. Juu ya hilo, koo nyingi zina ndugu wanaofuata mwandamo wa Saudia, nao huenda wakasali Idi siku moja kabla ya wengine. Hakuna orodha ya vyakula inayoweza kumaliza hitilafu hiyo. Kinachowezekana ni kukubaliana mapema kwamba mkusanyiko wa ukoo utakuwa Idi pili, ambayo Tanzania ni siku ya mapumziko pia kwa Idi el Fitr. Kila kaya hula kwake siku ya kwanza, kisha wote hukutana kwa mkubwa wao kesho yake bila mtu kuulizwa alifungua lini.

Familia inayoshikilia siku yenyewe ya kwanza inahitaji chakula chenye njia mbili. Kila kinachotayarishwa siku ya 29 kiwe kitu kitakachofaa Idi mwezi ukiandama, na kitakachofaa futari usipoandama. Sambusa zilizofungwa bila kukaangwa, katlesi zilizofinyangwa, nyama iliyochemshwa kwa tangawizi na thomu, ukwaju uliorowekwa: vyote hivyo havina hasara upande wowote. Mkate wa kumimina uliochomwa usiku ule na tui la nazi lililokamuliwa ni kamari, kwa sababu nazi huchacha upesi kwenye joto la pwani.

Idi el Haj ina tabia nyingine. Huwa tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, hivyo siku yake hujulikana zaidi ya wiki nzima kabla. Mtego wake uko kwenye nyama. Mnyama huchinjwa baada ya swala, achunwe, akatwe na kugawanywa, na mafungu ya jamaa na maskini yatolewe. Anayetegemea nyama hiyo kwa pilau ya saa saba mchana atawalaza wageni na njaa. Utaratibu unaofaa ni maini na figo zikaangwe asubuhi hiyo hiyo kwa kitunguu na ndimu, ziliwe kwa mkate au mofa, pilau ya mchana ipikwe kwa nyama iliyonunuliwa jana yake, na nyama ya kuchinja iwe ya jioni na siku zinazofuata.

Baada ya tarehe huja hesabu ya vichwa, na hapo wengi hukosea kwa kuhesabu walioalikwa tu. Idi ina walaji wa aina tatu: wanaokuja kukaa, wanaopita kutoa mkono wa Idi na kupewa sahani, na majirani wanaopelekewa chakula kwao, wakiwemo wasio Waislamu, ambao nao watarudisha sahani siku ya Krismasi. Kundi la tatu lisipoandikwa tangu mwanzo, ndilo linalomaliza chakula.

Kipimo cha kutegemewa ni kilo moja ya mchele kwa watu wazima saba au wanane iwapo kuna vyakula vingine pembeni. Mtoto chini ya miaka kumi huhesabiwa nusu. Ukoo wenye watu wazima 25 na watoto 14 ni sawa na walaji 32, yaani kilo nne hivi. Kilo ya tano ni ya sahani za nje. Nyama huenda kilo kwa kilo na mchele ikiwa ina mifupa, na robo tatu ya kilo inatosha ikiwa ni ya steki. Nyama ya mifupa ndiyo bora, kwa kuwa supu yake ndiyo maji ya pilau. Vitunguu maji visipungue robo kilo kwa kila kilo ya mchele. Rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa polepole hadi vikawa vya kahawia iliyoiva. Wanaotia nyanya ili kupata rangi wana haki yao, ila chakula chao kinaelekea kwenye wali wa nyanya.

Viungo ni bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na bizari ndiyo iwe mbele. Karafuu hupewa mkono mwembamba: chache tu zinatosha sufuria zima, zikizidi hubaki kwenye ulimi hadi usiku. Mchele wa zamani, uliokaa ghalani miezi kadhaa, hunywa maji zaidi na hauvurugiki, ilhali mpya wa msimu hugeuka bokoboko upesi. Kwa hiyo mchele hununuliwa mapema na kupikwa kidogo nyumbani kwa chakula cha kawaida ili maji yake yajulikane. Si busara kujaribu gunia geni siku ambayo mama mkwe atakuwepo.

Kilo tano za mchele pamoja na nyama yake zinataka sufuria la lita 25 hadi 30, la sivyo mchele wa chini utaungua na wa juu ubaki na kiini. Nyumba nyingi hazina chombo hicho, nacho hukodiwa au huazimwa kwa jirani mwenye vyombo vya shughuli. Nafasi hiyo ishikwe wiki moja kabla, kwani mtaa mzima unahitaji masufuria siku moja. Jiko la gesi la juu ya meza halibebi uzito huo kwa usalama. Pilau ya watu wengi inataka mafiga au jiko kubwa la mkaa lililotulia chini, na mkaa wa ziada wa kuweka juu ya kifuniko wakati wa kupalia.

Mvua pia imo katika mpango. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko wa kawaida, hivyo Idi hurudi nyuma kidogo kidogo katika majira. Mwaka 2024 Idi el Fitr ilikuwa 10 Aprili na mwaka 2025 ikawa 31 Machi, yaani ndani ya masika. Wakati kama huo kuni hulala ndani na jiko huwekwa mahali penye paa lakini pasipofungwa, kwa sababu moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua.

Moto mkubwa ukishapewa pilau, vinavyobaki huchaguliwa kwa kanuni moja: visigombee jiko hilo. Hapa ndipo biriani inapokataliwa. Biriani na pilau mezani pamoja ni fahari ya shughuli yenye wapishi wa kukodi. Kwa familia inayojipikia, biriani ina kazi mbili, rojo na wali, na kila moja inataka moto na uangalizi wake. Anayeitaka aipange kwa siku nyingine ya sikukuu.

Kuku anaweza kuungwa kwa ndimu, thomu na pilipili tangu usiku na kuokwa kwenye oveni ya nyumba au kuchomwa na vijana uani. Mchuzi mwepesi wa nyama hupikwa jana yake na kupashwa kwenye gesi. Kachumbari haina moto kabisa, lakini ina masharti: vitunguu vioshwe kwa chumvi na kusuuzwa ili ukali utoke, nyanya zikatwe dakika za mwisho, na ndimu ikamuliwe chakula kikiwa njiani kwenda kupakuliwa. Kachumbari iliyokatwa asubuhi huwa supu ya nyanya ifikapo saa saba. Ndizi mbivu na achari ya embe au mbilimbi hazidai chochote zaidi ya sahani, na ndimu ya achari ni vizuri iwekwe juani wiki kadhaa kabla.

Kinachosahaulika karibu kila mwaka ni mboga. Baada ya mwezi wa futari za kukaanga, bakuli la mchicha wa nazi au saladi ya matango huisha kabla ya kuku. Husahaulika pia wasioweza kula pilau yenyewe. Babu mwenye presha ameambiwa apunguze chumvi, naye shangazi mwenye kisukari anapima wali wake. Sufuria dogo la wali mweupe na samaki wa kupaka asiye na pilipili nyingi huwatosha hao. Jambo hilo huulizwa kwa simu kabla ya orodha ya soko kuandikwa. Kumuuliza mzee mbele ya watu kwa nini hali ni kumwaibisha.

Vitamu hugawanyika kwa umri wake wa kukaa. Visheti na biskuti za nyumbani hudumu siku kadhaa ndani ya chombo chenye kifuniko, kwa hiyo huanza mapema. Halua hununuliwa, na ya Unguja au Mombasa iliyopikwa na mtu wa kazi hiyo haina haja ya kushindaniwa. Tambi za sukari hupikwa asubuhi na kuliwa na chai, pamoja na maandazi au vitumbua. Kaimati ni za papo kwa papo: zikishakaa saa chache huwa laini kama sifongo, basi ziandaliwe kwa chai ya jioni au zisiandaliwe. Asubuhi ya Idi el Fitr ni sunna kula tende kabla ya kwenda kusali, kwa hiyo tende na chai vinakuwa tayari tangu alfajiri, wakati Idi el Haj chakula hungoja swala. Juisi moja ya ukwaju na moja ya pasheni zinatosha. Aina tano za juisi ni kazi ya watu wawili wazima ambao wangeweza kumenya vitunguu.

Kazi nayo hugawanywa kama chakula. Koo nyingi zina desturi ya kila mmoja kuuliza, "Nije na nini?" na kujibiwa, "Njoo tu." Adabu hiyo ni nzuri kwa mgeni wa mbali, si kwa ndugu. Bora dada wa Temeke ajue kwamba sambusa ni zake, kaka mwenye gari alete barafu na soda, na vijana wapewe nazi za kukuna na watoto wa kuwaangalia. Mpishi wa pilau awe mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja ataonja na kuongeza chumvi.

Saa zenyewe huhesabiwa kutoka mwisho kurudi nyuma. Ikiwa watu wanakula saa saba na nusu, pilau ipaliwe saa sita na nusu, mchele uingie saa sita kasorobo, na vitunguu vianze kukaangwa saa tano kasorobo, kwani kilo moja na robo ya vitunguu haiivi haraka na moto ukiongezwa huungua. Mchele huoshwa na kurowekwa kabla ya hapo. Viazi, kwa wanaovipenda ndani ya pilau, huingia na nyama. Nyama ilishachemshwa jana, hivyo asubuhi hakuna cha kungojea. Sambusa hukaangwa wakati pilau iko chini ya makaa, kwenye gesi iliyokuwa na mchuzi.

Kwa kupakua, sinia moja huwatosha watu wanne au watano wanaokaa kwenye jamvi. Sinia za wazee hutoka kwanza, za watoto hutoka na nyama iliyokwisha kunyofolewa mifupa, na sahani za majirani hupakuliwa kabla ya chakula kuguswa, zifunikwe na kupelekwa zikiwa za moto. Fungu la wapishi nalo liwekwe kando mapema, pamoja na nyama yake. Mahali ambapo halikuwekwa, waliopika hula ukoko.

Kiporo kipangwe pia. Pilau isiachwe ndani ya sufuria kubwa hadi jioni: wali uliokaa kwenye joto huota vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki kwa kupasha moto. Ndani ya saa mbili baada ya kula hutandazwa kwenye vyombo vifupi ipoe, kisha huingia kwenye friji, na pale ambapo umeme si wa kuaminika, kinachobaki hugawiwa wageni wakiwa wanaaga. Vifuko au makopo yenye vifuniko kwa ajili hiyo huandikwa kwenye orodha ya soko pamoja na mchele. Mifupa ya kuku hutiwa sufuriani na tangawizi na ndimu kwa supu ya asubuhi ya pili, na pilau iliyolala kwenye friji hupashwa hadi itoe mvuke kote, iliwe na chai ya rangi.