Chagua Njia Kabla ya Nyumba
Mwongozo kwa mzazi anayetafuta makazi Dar es Salaam

Kinachouzwa na kinachonunuliwa

Dalali wa Dar es Salaam anajua kuuza jina. Kabla hujauona mlango, ameshakuambia kuwa nyumba iko eneo tulivu, maji yapo, luku ni ya kwako peke yako, uzio umezunguka na geti lina kufuli. Hadanganyi, anakuonyesha vitu vinavyoonekana siku ya kwanza. Lakini mtoto utakayemhamishia humo ataamka saa 11 alfajiri, atatoka kukiwa bado na kiza, atavuka barabara, atasubiri daladala au atatembea, na jioni atarudia safari hiyohiyo kinyumenyume. Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Hiyo ndiyo nyumba unayoilipia kodi, na dalali hana ufunguo wake. Wazee walikwisha kusema kuwa nyumba njema si mlango.

Jiji lenyewe limefanya jambo hili liwe zito. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wengi wanaotafuta kiwanja au chumba cha bei wanayoimudu huelekea pembezoni: Chanika, Chamazi, Goba, Kibamba, Bunju. Katika maeneo ya namna hii nyumba hutangulia, shule hufuata, na lami, taa na mitaro huja mwisho. Familia nyingi huhamia katikati ya mpangilio huo, wakati paa lipo na njia bado haipo.

Kijitabu hiki kina hoja moja. Shule na usalama ni jambo moja lenye sura mbili, na haviwezi kupimwa kwa sifa ya eneo. Vinakutana mahali pamoja, yaani kwenye njia ambayo mtoto anapita kati ya mlango wa nyumbani na mlango wa darasa. Chagua njia hiyo kwanza, kisha tafuta nyumba iliyo juu yake.

Jina la eneo si ushahidi

Kila mkazi ana ramani ya jiji kichwani: kule ni ushuani, huku ni uswahilini, pale pana vibaka. Ramani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imechorwa kwa kalamu nene mno kumfaa mzazi. Mwaka 2022 makundi ya vijana yaliyopewa jina la Panya Road yalipovamia nyumba na kujeruhi watu, taarifa zilitoka Kawe upande wa Kinondoni na Zingiziwa upande wa Ilala, maeneo ambayo hakuna dalali angeyaweka kapu moja. Ndani ya kata moja unaweza kukuta mtaa wenye ulinzi shirikishi unaofanya kazi, watu wanafahamiana na taa za vibarazani zinawaka, na hatua mia tatu mbele uchochoro ambao hata wenyeji hawaupiti baada ya magharibi. Kwa hiyo swali la kama Tabata, kwa mfano, ni salama halina jibu. Swali lenye jibu ni hili: kutoka nyumba hii hadi shule ile, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, mtoto anapita wapi na nani anamwona?

Jibu la swali hilo lina watu wake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua ni nyumba zipi zimevunjwa na ni kona ipi inalalamikiwa. Mkaguzi wa kata, yule askari polisi aliyepangiwa kata nzima, anajua zaidi. Mama anayeuza vitumbua alfajiri anajua kuliko wote wawili, kwa sababu yuko njiani saa ileile ambayo mtoto atakuwa njiani. Waulize watu hao watatu, kila mmoja kwa wakati wake. Wakikubaliana, umepata ushahidi. Wakipingana, hujamaliza kuuliza.

Kusoma matokeo ya mtihani bila kudanganyika

Baraza la Mitihani, NECTA, huchapisha matokeo ya kila shule, na mzazi yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma. Januari 2023 Baraza lilitangaza kuacha kutaja shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Wapo waliolalamika kuwa wamenyimwa dira, lakini dira ile ilikuwa na kasoro. Shule inayochagua watoto kwa usaili, ikawahamisha au kuwakaririsha wanaolegea, itatoa wastani wa kupendeza hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida. Shule ya serikali inayompokea kila mtoto wa mtaa haiwezi kushindana nayo kwa kipimo hicho, hata ikiwa na walimu hodari.

Kuna njia ya kuichungulia tofauti hiyo. Chukua idadi ya watoto wa shule unayoitaka waliofanya upimaji wa darasa la nne, kisha tazama idadi ya waliofanya mtihani wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Hao ni kundi lilelile. Kama walikuwa 90 na sasa ni 60, uliza wale 30 wamekwenda wapi kabla hujasifu ufaulu wa waliobaki. Idadi ikiwa imebaki palepale au imeongezeka, na madaraja yamepanda, hapo kuna kazi ya kweli inayofanyika darasani. Usisome mwaka mmoja tu, soma mitatu, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kubeba bahati au mkosi.

Baada ya karatasi, nenda shuleni wakati wa mapumziko. Tangu Januari 2016, serikali ilipoondoa ada hadi kidato cha nne, madarasa ya shule nyingi za umma yalifurika, na kufurika huko hakukuwa sawa kila mahali. Kiwango kinachotakiwa katika shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa, na tundu moja la choo kwa wasichana 20 au wavulana 25. Hesabu madawati, hesabu matundu, tazama kama maji yanatoka bombani. Vitu hivi havimo kwenye matokeo ya mtihani, lakini ndivyo vinavyoamua kama binti wa darasa la sita atakwenda shule siku zote za mwezi.

Njia yenyewe

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ambao takwimu zake zilikusanywa mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Walipoulizwa ulitokea wapi, karibu nusu ya waathirika walitaja nyumba ya mtu. Asilimia 23 walisema angalau tukio moja lilitokea wakiwa wanakwenda au wanatoka shule, na asilimia 15 walitaja eneo la shule. Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa mpigo. Njia ilitajwa mara nyingi kuliko shule yenyewe. Na uzio, ambao wazazi wengi huulipia kama dawa, hauzuii hatari ambayo tayari ina ufunguo wa geti au inakaribishwa sebuleni.

Njia ndefu huongeza mianya. Mtoto anayekataliwa na konda kwa sababu nauli yake ni ndogo hubaki kituoni hadi giza linaingia. Anayechoka kutembea hukubali lifti ya bodaboda, na mwenye lifti anaweza kudai malipo kwa mwili wa binti. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Lakini sheria hufika baada ya tukio. Umbali mfupi hufika kabla.

Kisha kuna magari. Shirika la Amend limefanya kazi kwenye shule za msingi za Dar es Salaam kwa hatua ambazo hazina makuu: njia ya waenda kwa miguu, matuta, kivuko, vizuizi vya kutenganisha watoto na magari, na pengine kuhamisha lango la shule litazame barabara ndogo. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na zisizofanyiwa ulionyesha majeraha ya ajali yakipungua kwa robo hivi, na mwaka 2019 mpango huo ukapata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross kwa miji. Somo kwa mzazi ni kwamba usalama wa barabarani haukai hewani. Uko kwenye tuta, kivuko na upande ambao lango limetazama, na vyote hivyo unaweza kuvikagua kwa macho kabla hujalipa kodi.

Mvua nayo ni sehemu ya njia. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliua watu na kuwaacha wengine bila makazi, na serikali ikawahamishia waathirika Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini hata nyumba iliyo nje ya mita hizo inaweza kuwa ng'ambo ya kijito ambacho kila masika hukata njia ya kwenda shule. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaa ya jiji hili na maeneo yanayofurika. Tazama ramani hizo, kisha tazama kuta: alama ya maji haifichiki kirahisi. Inafaa zaidi kuitembelea nyumba siku moja baada ya mvua kubwa kuliko kuitembelea siku saba za jua.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza ni ya mzazi mwenye uwezo: shule ina basi, umbali una shida gani? Basi linapunguza hatari ya barabarani, hilo ni kweli. Lakini basi halinyooshi njia, linazunguka mitaa, na mtoto anayechukuliwa wa kwanza ndiye anayeamka mapema kuliko wote. Saa moja ya kwenda na moja ya kurudi, ukizidisha kwa siku 194, ni saa 388, yaani zaidi ya siku 16 usiku na mchana ndani ya gari. Saa hizo zinatoka kwenye usingizi, michezo na kusoma. Bweni nalo si mlango wa kutokea kwa wadogo, kwani mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Shule ya mbali inaweza kustahili gharama hiyo, lakini iandike kwenye hesabu pamoja na ada.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: maskini hana cha kuchagua, anapanga panapopatikana. Ni kweli kwamba uwanja wake wa kuchagua ni mwembamba, lakini haujafungwa. Vyumba viwili vya kodi moja, kimoja upande huu wa Barabara ya Kilwa na kingine upande wa pili, vinatofautiana kwa kitu ambacho hakionekani kwenye bei: mtoto wa chumba kimoja atavuka barabara kuu mara mbili kila siku, wa chumba kingine hatavuka kabisa. Kupanga upande uliko shule hakuongezi shilingi. Tena, tangu mpango wa shule za sekondari wa mwaka 2004, lengo limekuwa kila kata iwe na sekondari yake, kwa hiyo shule ya karibu ipo kwa familia nyingi. Kinachobaki ni kuchagua mtaa wa kuifikia.

Hoja ya tatu inasema usalama wa maisha kwanza, shule baadaye. Mabwepande inajibu hoja hiyo. Waliohamishiwa huko walikuwa salama na maji, lakini walikuwa mbali na kazi zao, masoko yao na shule walizozizoea, na wapo waliorudi bondeni wakijua hatari yake. Makazi yasiyo na njia ya kuifikia riziki na darasa hayadumu, hata yawe makavu namna gani.

Mwisho wapo wanaosema kazi hii si ya mzazi, ni ya serikali. Wana haki. Taa, kivuko na mtaro si mambo ya kununuliwa na mpangaji. Lakini mzazi aliyeitembea njia ndiye anayejua ni kona ipi inahitaji taa, na huyo ndiye mwenye la kusema kwenye mkutano wa mtaa, kwenye kamati ya shule na mbele ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Kuchagua njia na kudai njia itengenezwe ni kazi moja inayofanywa kwa nyakati mbili.

Kabla ya kulipa

Tenga siku mbili. Siku ya kwanza toka kwenye nyumba uliyoonyeshwa saa 12 asubuhi, ukiwa na mtoto, hadi kwenye lango la shule. Hesabu dakika, barabara mlizovuka na mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaona. Siku ya pili rudini kwa njia hiyohiyo jioni, taa zikianza kuwaka au zikikataa kuwaka. Mwache mtoto atangulie na aseme mwenyewe wapi anaogopa. Weka simuni namba 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na mfundishe hiyo ya mwisho hadi aijue kwa moyo. Baada ya hapo rudi kwa dalali, mkaangalie mlango.